Kadi ya PlayStation niliyotoka nayo Palma

Mliposema kila mmoja aandike kuhusu kitu kimoja alichotoka nacho nyumbani, nilisita kidogo. Nimesoma ya dada wa Mocímboa aliyetoka na ufunguo wa mlango ambao nyumba yake imeungua, na ya yule kaka aliyekimbia na kuku kwapani mpaka Mueda. Yangu mimi itawachekesha. Nilitoka na kadi ya kumbukumbu ya PlayStation 2. Ile nyeusi ndogo, megabaiti nane, inatosha kwenye kiganja cha mtoto. Siku ya kuandikishwa Pemba, dada wa shirika aliniuliza nimebaki na mali gani, nikaitoa mfukoni. Akaniuliza, "Hii ni laini ya mtandao gani?"

Nianze mbali kidogo.

Mimi ni mtu wa nyaya tangu utoto. Mjomba wangu alikuwa fundi redio pale Palma, sokoni, na kila alipomaliza kazi alinipa vilivyooza nicheze navyo: spika zilizopasuka, mota za kaseti, betri za simu zilizovimba (msicheze na hizo, tafadhali). Vipuri vizuri vilitoka Mtwara. Tulikuwa tunavuka Ruvuma kwa boti, tunalala kwa ndugu, tunarudi na mfuko wa skrini za simu na waya wa kulehemu. Kiswahili hiki ninachoandika nimekipata huko, kwa mafundi wa Mtwara na kwa sinema za Bongo. Nyumbani tulisema Kimwani, shuleni Kireno, na kwenye meza ya mjomba Kiswahili, maana ndiyo lugha ya kununulia.

Ndiko nilikonunua PlayStation 2 yangu ya kwanza, ile nyembamba, mbovu. Muuzaji alisema haisomi diski, nichukue tu kama vipuri. Nilifungua, nikasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, bado. Nikazungusha kile kiskrubu kidogo cha kuongeza nguvu ya leza, kidogo sana, robo ya robo, na usiku ule ikasoma. Nilipiga kelele bi mkubwa akaamka akidhani nimepigwa shoti.

Mnaoishi mijini mtasema PlayStation 2 ni takataka. Ilitoka mwaka 2000 na Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Sawa. Lakini fundi anaijua kama anavyojua baiskeli. Inavumilia vumbi, inavumilia chumvi ya bahari, na ukiweka programu ya Free McBoot ndani ya kadi ya kumbukumbu, inafungua gemu kutoka kwenye flashi bila hata diski. Ni polepole, maana tundu lake la USB ni la zamani, sauti ya mtangazaji inakatakata kama mtu mwenye kwikwi. Lakini mpira unachezeka.

Basi nikafungua banda. Makuti, mabenchi mawili, televisheni moja, pedi mbili, ya tatu ya akiba. Mechi meticali tano, mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha. Wakati wa adhana tunazima, na hilo halikujadiliwa, hata kama ni dakika ya themanini na mtu anaongoza. Wazee walilalamika mwanzo, ati tunawafundisha watoto uvivu. Walinyamaza mmoja wao alipokuja kumtafuta mjukuu akakaa "dakika moja", tukafunga banda naye yumo.

Siku za Idi tulifanya mashindano. Vijana thelathini na kitu, majina kwenye karatasi ya daftari, unafungwa unatoka. Zawadi mara ya kwanza ilikuwa kuku wawili na kreti ya soda. Mara ya pili ilikuwa mbuzi, aliyetolewa na mfanyabiashara mmoja ambaye mwanawe alitoka raundi ya kwanza, tukamcheka mpaka leo. Miaka ile hela ilikuwepo. Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini mwaka 2010, wageni wamejaa, vibarua wa Afungi wanapita na mishahara. Kila mtu alisema Palma itakuwa Dubai. Sisi tulitaka tu umeme usikatike wakati wa penalti.

Sasa ile kadi. Gemu letu kubwa lilikuwa PES 2013, na mle kuna sehemu ya kuhariri. Unachukua timu, unabadilisha jina, jezi, wachezaji, mpaka nywele. Mimi na wenzangu tulichukua timu moja ya Ulaya ambayo hakuna aliyeipenda, tukaiita PALMA. Wachezaji ishirini na mbili, wote watu wa mtaani kwetu. Kila mmoja alikuja banda kukaa kama kwa mpiga picha, anasema mwenyewe anavyotaka awe. Namba 4 alikuwa muuza samaki, aliomba apewe nguvu 99 kwa sababu anabeba ndoo mbili. Kipa alikuwa mwalimu wa madrasa, kijana tu, alitaka ndevu. Namba 7 alikuwa rafiki yangu wa damu. Mfupi, lakini alisisitiza aandikwe mita moja na tisini. Nikamwambia, "We, watu watakucheka." Akasema, "Kwenye gemu nani ananipima?" Akachagua viatu vyekundu.

Vita mnavijua. Vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 na vikasogea kidogo kidogo. Kwetu vilibadilisha banda kabla havijafika. Vijana wengi kukaa pamoja sehemu moja ikawa jambo la kuangaliwa. Mtu mwenye nyaya, betri na antena mezani naye akawa wa kuangaliwa. Mara mbili watu wenye silaha waliingia wakauliza hizi nyaya za nini, nikawawashia gemu. Mmoja alicheza mechi nzima. Akafungwa, akaondoka bila kulipa, na mimi sikudai.

Agosti 2020 Mocímboa ikatekwa, na kituo cha umeme cha Awasse kikaharibiwa. Palma nzima gizani. Petroli ya jenereta ikapanda mpaka haina maana, barabara imefungwa, unga wenyewe ulikuwa shida. Hapo ndipo nilipojifunza jua, na naomba niwaeleze vizuri maana kuna wenzetu Nyarugusu na Kakuma waliniuliza.

Betri ya gari ya volti 12, ampea-saa 70, kwa hesabu ina wati-saa 840. Usiimalize. Betri ya gari ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabu una 420. Televisheni ndogo ya LED, ile inayokubali volti 12 moja kwa moja, inakula kama wati 25. PlayStation 2 nyembamba nayo inazunguka hapo hapo, 25 mpaka 30. Jumla 55, gawanya, unapata saa saba na ushee, lakini kwa kupotea huku na huku mimi nahesabu sita. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutumia inverta: unapandisha 12 kuwa 220, halafu adapta inashusha tena mpaka 8.5, na kila hatua inameza. Nikaitoa inverta, nikaweka kijisahani cha kupunguza volti kutoka 12 mpaka 8.5. Pima kwa mita kabla hujachomeka. Ukikosea hapo unaunguza mashine na hakuna wa kumlalamikia.

Mechi tukaishusha bei mpaka meticali mbili. Mwisho nikaacha kutoza. Watu hawakuwa na kitu na hawakuwa na pa kwenda, na ndani ya banda angalau ulikuwa unasikia kelele za goli.

Tarehe 24 Machi 2021, Jumatano, jioni, Palma ikavamiwa. Siku hiyo hiyo kampuni ya gesi ilikuwa imetangaza kwamba kazi inarudi taratibu. Nilikuwa nimechomoa kadi ili niihifadhi nakala za gemu kwa mtu, ndiyo maana ilikuwa mfukoni. Sikuichagua. Ningejua ningechukua mita yangu ya kupimia umeme, au kitambulisho.

Kwenye kukimbia sitakaa. Tulipita porini mpaka Quitunda, tukakaa wiki, tukapata jahazi, tukashuka Paquitequete pale Pemba tukiwa hatuna viatu. Namba 7 nilimwona mara ya mwisho kwenye kona ya msikiti, anakimbilia upande wa nyumba kwao wakati sisi tunakimbilia upande wa pili. Nilimwita. Kulikuwa na kelele nyingi.

Kwa shangazi Paquitequete tulikuwa watu ishirini na tisa kwenye vyumba vitatu. Baadaye tukapelekwa Metuge, tukapewa hema, na tukapewa jina jipya: madeslokado. Kisheria sisi si wakimbizi maana hatujavuka mpaka. Waliojaribu kuvuka Ruvuma mwaka ule wengi walirudishwa. Najua kikundi hiki kinatuhesabu wakimbizi, ahsanteni.

Nilianza kwa kutengeneza simu chini ya mkorosho. Kuchaji meticali kumi, kubadilisha maiki thelathini. Nilikuwa nakusanya za mashine. Ya kwanza niliyoipata Pemba ilikuwa ile toleo la mwisho kabisa, namba yake inaanza na 9. Hasara tupu. Nyingi za namna hiyo zinaikataa Free McBoot, na adapta yake imejengwa ndani, inataka 220. Nilikaa nayo hemani wiki mbili kama mtu aliyeoa kwa haraka. Nikaibadilisha na fundi mmoja kwa toleo la zamani lenye kifuniko kilichopasuka, nikaongeza meticali mia tano juu. Televisheni nilikopeshwa. Pedi moja ilikuwa inakwenda kushoto yenyewe.

Jioni ya kwanza nilipochomeka kadi, mikono ilitetemeka, sitadanganya. Kadi ilikuwa imelala kwenye jasho, kwenye maji ya bahari, kwenye sufuria ya unga. Skrini ikawa nyeusi muda mrefu. Halafu nembo. Halafu gemu. Nikaingia kwenye timu na PALMA ilikuwepo, wote ishirini na mbili, kipa na ndevu zake.

Tukaanza kucheza Jumamosi, saa tisa mchana. Ilibidi tujifunze upya. Kambini kuna watu wa Palma, Mocímboa, Macomia, Muidumbe, na wenyeji wa Metuge wenyewe ambao mashamba yao ndiyo tumewekewa hema juu yake. Kimwani, Kimakonde, Kimakua, kila mmoja na maneno yake kuhusu mwenzake, na siyo mazuri. Mwanzoni kila kundi lilitaka siku yake. Mimi nikasema betri ni moja. Nikapanga wachezaji wawili wawili kwenye timu moja, kila mmoja pedi yake, na mwenzako unapewa kwa kura. Kura ikakuletea Mmakonde na wewe Mmwani, mtafanyaje? Mkibishana mnafungwa. Walifungwa sana mwezi wa kwanza.

Wasichana walikuwa wanasimama nyuma ya kamba, wanatazama. Dada wa shirika, yule yule wa laini ya simu, akanishauri tuweke saa yao peke yao na mama mmoja akae pale. Nilidhani hawatakuja. Walikuja kumi na moja. Kuna mmoja wa Mocímboa, miaka kumi na minne, anacheza na mdogo wake mgongoni, na hakuna mvulana wa Metuge anayependa kuitwa jina lake baada ya lake kwenye ratiba. Huyu ndiye nilimsimulia habari ya Lual Mayen. Kama hamumjui: ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300, naye alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha, akatengeneza gemu inaitwa Salaam, ambayo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji na chakula akikimbia, na mwaka 2018 akasimamishwa kwenye jukwaa la The Game Awards kule Marekani. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Saa tatu kwenda, au kwenda na kurudi?"

Sasa nifike kwenye ugomvi.

Januari 2024 Mambas walikwenda Kombe la Afrika kule Ivory Coast. Wakatoka sare na Misri, mbili mbili, Witi na Clésio wamefunga, na Salah amewasawazishia kwa penalti ya dakika za nyongeza. Wakatoka sare tena na Ghana, na Reinildo akasawazisha mwishoni kabisa. Kambi ililipuka. Jumamosi iliyofuata watoto walikuja na orodha. Wanataka Mambas kwenye gemu, na wanataka na wao wenyewe wawemo, kama walivyosikia kwamba watu wa Palma wamo. Nikawaambia sawa, tutahariri timu nyingine. Wakasema hapana, ile yenye jezi nzuri. Ile ya PALMA. Mvulana mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Fundi, hao si wameshakufa? Futa, tuweke sisi."

Nilizima mashine. Nikawafukuza. Wiki tatu sikufungua, nikisema betri imekufa, na betri ilikuwa nzima. Sijivunii hilo. Watoto hawakuwa na kosa.

Aliyenitoa ni mama mmoja wa Palma. Alikuja hemani akaomba nimwonyeshe hao wachezaji, amesikia mwanawe yumo. Nikamwashia. Namba 4, ndoo mbili. Akasema, "Ah, huyu yuko Nangade, anauza sabuni. Alinipigia juzi." Mimi nilikuwa nimeshamzika kichwani miaka mitatu.

Habari ikaenea. Watu wakawa wanakuja, siyo kucheza, kutazama orodha. Huyu nilimwona Quitunda. Huyu alioa Montepuez. Huyu, samahani mwanangu, huyu tulimzika njiani. Nikaanza kuandika kwenye daftari: jina, yuko wapi, nani kasema. Baada ya mwezi akaja mtu mmoja nisiyemjua, ameshona vizuri, akauliza kwa upole kwa nini ninaandika majina ya vijana wa kiume na mahali wanapolala. Alitaka kuliona daftari. Nikamwambia nimelisahau kwa shangazi. Usiku ule nikalichoma kwenye jiko.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnaelewa kuliko mimi orodha kama ile inaweza kufanya nini ikiangukia mkono mbaya. Sikulifikiria. Familia zilizotaka kutafutiwa watu wao nilizielekeza kwa Msalaba Mwekundu, maana wao ndiyo kazi yao na wana namna ya kutunza majina. Mimi nikatafuta njia nyingine ya kukumbuka.

Kwenye kuhariri unaweza kubadilisha rangi ya viatu. Nikipata habari ya kuaminika kwamba mtu ni mzima, namvisha vyeupe. Akiwa amefariki, vyeusi. Mtu mwingine akitazama anaona mpira tu.

Na ugomvi wa watoto? Ulikuwa rahisi kuliko hasira yangu. Nilinunua kadi ya pili Pemba (ya kwanza waliyoniuzia ilikuwa feki, ilifuta kila kitu baada ya siku mbili), nikanakili faili lote kutoka tundu la kwanza kwenda la pili. Kwenye kadi mpya tukaifuta PALMA pamoja, watoto na mimi, tukaandika METUGE. Reinildo yumo, beki wa kushoto. Yule mvulana aliyesema futa ni namba 10 na ana nywele za njano. Binti wa Mocímboa amejiweka namba 9 na nahodha, hakuna aliyebisha.

Kadi ya zamani siichezei. Kimbunga Chido kilipopiga Desemba 2024 paa la banda liliondoka lote, mashine ikanusurika chini ya beseni, na kadi ilikuwa mfukoni kama kawaida. Bi mkubwa amesharudi Palma, ananiambia soko lipo, umeme upo, nirudi nifungue banda. Nitarudi labda. Hapa nina wateja, na Jumamosi wananingoja.

Mpaka leo viatu vyeupe ni kumi na nne. Vyeusi ni vitatu. Watano sijawagusa. Kama mtu yeyote kwenye kikundi yuko Mtwara, Nampula au popote, na amekutana na kijana mfupi wa Palma anayedai ana mita moja na tisini, aniandikie pembeni, siyo hapa kwenye maoni. Namba 7 bado amevaa vile vyekundu alivyochagua mwenyewe.